Nyani Mnono Si Nyani Mzima

Watu wangu wa Eldy, leo naongea kuhusu damu ya nyani. Najua, najua. Mlizoea niongee bei ya mahindi na barabara mbovu za estate, mkipiga kelele vizuri, sasa leo nawaletea nyani. Nipeni dakika kumi tu, kwa sababu hii stori inaishia kwa sahani yako.

Ukipanda gari ya kwenda Nairobi, ukishapita Nakuru, maeneo ya Gilgil hivi, utawaona nyani wamekaa kando ya barabara kama abiria wanaongoja matatu. Dereva akipunguza mwendo, madirisha yanafunguka. Mkate, ndizi, chipsi zilizobaki, hata keki ya harusi nimeona ikirushwa. Na hakosi mtu wa kusema, "Cheki vile huyo amenona! Hawa wako poa kutuliko." Gari lote linacheka.

Hiyo sentensi ndiyo nataka tuivunje. Ati mnyama akiwa mnono, manyoya yanang'aa, na wenzake wako wengi, basi ako na afya. Mimi nasema jicho halitoshi kupima afya ya mnyama wa porini. Damu ndiyo inajua. Na hii si maneno ya kuletewa kutoka mbali. Ushahidi umetoka hapa hapa Kenya, kwa nyani wetu, na umekuwepo kwa zaidi ya miaka 20. Sema tu umebaki kwa majarida ya wanasayansi, haujawahi kupanda matatu.

Twende Amboseli. Mwaka 1971, Jeanne Altmann na mumewe Stuart walianzisha mradi wa kufuatilia nyani wa manjano pale, chini ya Mlima Kilimanjaro, na huo mradi unaendelea mpaka leo. Si kuhesabu tu vichwa. Wanamjua kila nyani kwa sura, mama yake ni nani, alizaliwa lini, anaogopa nani. Makundi mengi yalikuwa yanaishi maisha ya nyani kabisa: asubuhi wanashuka kwa miti, wanatembea mwendo mrefu, wanachimba mizizi ya nyasi, wanatafuta mbegu za migunga, jioni wanarudi kulala wamechoka.

Lakini kundi moja likapata njia ya mkato. Karibu na loji ya watalii kulikuwa na shimo la takataka. Mabaki ya mkate, nyama, matunda, viazi, vitu vya wageni waliolipa pesa nyingi na wakashindwa kumaliza sahani. Nyani wakahamishia maisha yao hapo. Kutembea kukapungua, kupumzika kukaongezeka. Ukiangalia vizuri, ni kama mtu aliyetoka kijijini akapata kazi ya kukaa kwa meza, na kibanda cha chipsi kiko hapo nje.

Watafiti wakawapima. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993, nyani jike mzima aliyekuwa anajitafutia porini alikuwa na mafuta karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Jike wa shimo la takataka? Karibu asilimia 23. Soma tena. Nyani wa aina moja, mbuga moja, jua moja, mvua moja.

Na hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu kuna mtu mjanja atakuja kunikumbusha: hawa wa takataka walikuwa wanakua haraka, na majike walikuwa wanafika umri wa kuzaa mapema kuliko wenzao wa porini. Kwa hivyo kama kazi yako ni kuhesabu vichwa peke yake, ungeandika kwa ripoti kwamba shimo la takataka ni baraka. Watoto wanaongezeka, mama wamenona, hakuna shida. Ndiyo maana siamini hesabu ya vichwa ikija peke yake.

Sasa tuingie kwa damu. Mwaka 2002 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya nyani hao wa Amboseli. Wale wa shimo walikuwa na insulini ya juu kuliko wale wa porini, na kolesteroli pia juu. Mwaka uliofuata, 2003, kukaja kazi nyingine juu ya leptini, ile homoni inayotoka kwa mafuta ya mwili na kuuambia ubongo "tumeshiba, wacha kula." Kati ya wala takataka, wale waliokuwa wamenenepa kupita kiasi walikuwa na leptini juu, insulini juu, sukari juu. Hata ndani ya kundi hilo hilo hawakuwa sawa. Waliobaki wembamba hawakuwa na hiyo picha. Ukichukua karatasi ya yule mnene ukampelekea daktari wa binadamu bila kumwambia ni ya nani, angekuita kando akuongeleshe kwa sauti ya chini.

Insulini ni ya kufungua milango ya seli ili sukari iingie. Milango ikianza kukataa kufunguka, mwili unatuma insulini zaidi, na zaidi, na zaidi. Kwa muda mambo yanaonekana sawa kwa nje. Unatembea, unacheka, unanona. Ndani kongosho linapiga ovataimu. Ndiyo safari ya kisukari hiyo, na inaanza miaka kabla ya kiu na kukojoa usiku.

Na huyu ni nyani wa porini. Hana sofa, hana bando, hajawahi kukaa kwa foleni ya kuku wa kukaanga pale tauni. Alipata tu chakula chetu na sababu ya kutotembea.

Kwetu kuna mjomba, sitamtaja maanake ananifuatilia humu. Kila sherehe alikuwa anasalimiwa, "Umenona bwana, pesa imeingia!" Naye anacheka, anashika tumbo kama kikombe cha ushindi. Huko kwetu kumwambia mtu amekonda ni kama matusi. Kumwambia amenona ni pongezi. Siku alipopimwa, sukari ilikuwa juu kiasi kwamba nesi alirudia kipimo mara mbili akidhani mashine imeharibika. Familia nzima ilikuwa inampongeza kwa ugonjwa. Kwa hivyo ukiniuliza kwa nini napoteza usiku nikisoma habari za damu ya nyani, jibu ni hilo. Makosa tunayofanya tukimwangalia nyani kwa dirisha la gari ndiyo tunayofanya tukimwangalia mtu wetu.

Lakini mtu atasema: sawa, mnene anaonekana. Ni jicho tu lilitafsiri vibaya. Je, wale wembamba?

Twende Masai Mara. Kuna Mmarekani anaitwa Robert Sapolsky, alianza kufuatilia nyani huko mwaka 1978 na akarudi mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka 20. Yeye alitaka kujua msongo wa mawazo unafanya nini kwa mwili. Kundi la nyani dume ni kama bunge: kuna mkubwa, kuna wanaomtafuta mkubwa, na kuna wale wa chini wanaochapwa bila sababu, wananyang'anywa chakula, wanafukuzwa kivulini. Ukiwaangalia kwa macho, wote wembamba, wote wanatembea, wote wanakula nyasi ile ile. Kwa damu, tofauti. Pale ambapo ngazi ya ukubwa ilikuwa imetulia, madume wa chini walikuwa na kotisoli ya juu hata wakiwa wamepumzika. Kotisoli ni homoni ya hatari, ile inayokufanya ukimbie. Na mwaka 1987 yeye na mwenzake walichapisha kwamba hao wa chini pia walikuwa na kiwango kidogo cha HDL, ile kolesteroli nzuri inayosafisha mishipa. Hakuna jicho lingeona hiyo. Mnyama wa porini pia anaficha ugonjwa, na ako na sababu: dume akionyesha udhaifu leo, kesho nafasi yake imechukuliwa.

Sapolsky alipataje hiyo damu? Hapa ndipo heshima yangu kwa hawa watu inapanda. Huwezi kumwambia nyani aje saa moja asubuhi bila kunywa chai. Alikuwa anatumia bomba la kupuliza lenye sindano ya dawa ya usingizi. Lakini si kupuliza tu kila anayepita. Saa iwe ile ile ya siku. Nyani asiwe amepigana siku hiyo, asiwe mgonjwa, asiwe amejeruhiwa, asiwe amepanda jike. Na asijue kinachokuja, kwa hivyo ni kumvizia akiwa amegeuza mgongo. Akilala, damu itolewe haraka, maanake mwili ukishajua umeshambuliwa, kotisoli inapanda na kile ulichokuja kupima kimeharibika. Kuna siku unamfuata nyani mmoja asubuhi nzima na unarudi kambini mikono mitupu kwa sababu alipigana dakika tano kabla hujapuliza.

Hiyo ndiyo sehemu watu wa "si mpime tu damu" huwa hawaifikirii. Damu inaongea, lakini inaongea pia kuhusu namna ulivyoitoa. Nyani akikimbizwa kabla ya kushikwa, sukari inapanda. Misuli ikiumia, kimeng'enya kinachoitwa CK kinajaa kwa damu na utadhani ana ugonjwa wa misuli. Chupa ikikaa kwa joto bila kuzungushwa ili majimaji yatengane na chembe, chembe nyekundu zinapasuka na potasiamu inaruka juu. Ukisoma hiyo karatasi utashangaa huyu nyani anapumua vipi. Kumbe shida ni chupa.

Kwani ni nini hasa kinapimwa? Ni vitu vile vile unavyopimwa wewe. Ukienda Moi Referral, au kliniki yoyote ya mtaani, ukitolewa damu unapewa karatasi yenye safu ya nambari. Yuria na kriatinini zinaongea kuhusu figo, na yuria pia hupanda mwili ukikosa maji, kitu cha maana sana kwa mnyama wa kiangazi. ALT na AST zinaongea kuhusu ini, ingawa AST pia hutoka kwa misuli. Albumini ni protini inayotengenezwa na ini. Ikishuka, fikiria njaa ya muda mrefu, minyoo, au ini lililochoka. Halafu sukari, mafuta, chumvi za damu. Hakuna nambari moja inayosema "huyu ni mzima." Unazisoma pamoja, kama unavyosoma uso wa mtu.

Na kando ya nambari yako kuna safu nyingine, ile inayosema kiwango cha kawaida ni kutoka hapa hadi hapa. Hapo ndipo mimi nataka tukae kidogo, maanake watu wa Eldoret tunaielewa hii kuliko mtu yeyote.

Kawaida ya nani?

Mwaka 2008, hapa jirani Kericho, watafiti walichapisha viwango vya kawaida vya damu kutoka kwa watu wazima wenye afya wa eneo hilo. Walifanya hivyo kwa sababu viwango vinavyotumika hospitali nyingi vilitoka Marekani na Ulaya. Na kweli, kuna vitu vilikuja tofauti. Mfano, chembe nyeupe zinazoitwa nutrofili huwa chache kwa Waafrika wengi wenye afya kamili. Ukimpima mzee wa Kericho kwa rula ya Chicago, karatasi inaweza kusema ni mgonjwa na yeye ametoka kukamua ng'ombe kumi.

Wanariadha wetu nao wanajua zaidi. Tangu 2009 kuna ile pasipoti ya damu ya WADA. Haikulinganishi na mtu wa Norway. Inakulinganisha na wewe mwenyewe, damu yako ya mwezi huu na damu yako ya mwaka jana, nambari zako zikiruka bila sababu unaitwa. Kila mtu hapa ana binamu ama jirani aliyegongewa mlango alfajiri na watu wa kupima. Tunaweza kulalamika kuhusu mengi, lakini akili ya hicho kitu ni nzuri: kipimo cha kwanza cha mtu ni yeye mwenyewe.

Sasa rudisha hiyo akili kwa nyani. Nyani waliopimwa damu kwa wingi zaidi ni wa kufugwa. Kule San Antonio, Texas, kuna kituo kikubwa cha utafiti chenye nyani wengi, wanakula chakula cha kuletewa, hawatembei mbali, hawakimbizwi na chui. Ukichukua nambari zao uzifanye "kawaida," nini kinatokea? Nyani wa porini wa Amboseli mwenye mafuta asilimia 2 anaweza kusomeka kama anakufa njaa. Na yule wa shimo la takataka, mwenye insulini juu, anaweza kusomeka kama yuko sawa tu, kwa sababu anafanana na mfungwa mwenzake. Rula ikiwa mbaya, mgonjwa anapita na mzima anabaki kitandani. Ndiyo maana kilichofanyika Amboseli ni cha thamani: hawakulinganisha na Texas. Walilinganisha nyani na nyani wa mtaa wa pili.

Hii kazi ya viwango vyetu wenyewe ndiyo ningependa ifanywe kwa bidii, na kwa kila aina. Nyani wa Amboseli si yule wa Gilgil. Huku kwetu magharibi ni nyani wa rangi ya zeituni, mkubwa kidogo. Tumbili wanaovamia mahindi yako si kima wa Msitu wa Kakamega, na mbega anayekula majani kutwa nzima ana tumbo linalofanya kazi karibu kama la ng'ombe, kwa hivyo usitarajie kemia yake ifanane na ya tumbili mwizi wa ndizi. Na uwezo wa kufanya hivyo tuko nao. Tuna taasisi ya utafiti wa nyani na jamaa zao pale Karen, iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960. Tuna vyuo viwili vikubwa hapa hapa Eldoret, na vijana wa kozi za maabara wanaomaliza kila mwaka wakikaa nyumbani kungoja kazi.

Swali gumu ni hili, na huwa naulizwa nikianza hizi stori: "Boss, hospitali zetu wakati mwingine hazina dawa za kupimia damu ya watu, wewe unataka tupime damu ya nyani?"

Ni swali la haki. Sitalikwepa. Mama amekaa kwa foleni tangu alfajiri akaambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu kifaa kimeisha, huwezi kumwambia kuhusu leptini ya nyani. Kama ingekuwa ni kuchagua kati ya huyo mama na nyani, ningechagua mama kabla hujamaliza kuuliza.

Lakini si hivyo inavyokuwa. Pesa ya kupima mnyama wa porini huwa haitoki kwa bajeti ya wodi. Na kuna kitu kingine. Lile shimo la takataka halikuishia kwa insulini. Huko Masai Mara mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyani waliokuwa wanakula kwa jalala la loji nyingine ya watalii waliletewa nyama yenye kifua kikuu. Ugonjwa ukaingia. Kundi moja ambalo Sapolsky alikuwa analifuatilia likapoteza karibu nusu ya madume wazima, na walikuwa wale wakali, maanake ndio walikuwa na nguvu ya kwenda kupigania takataka kila asubuhi. Yeye na mwenzake walieleza hiyo stori mwaka 2004. Watu wengi huipenda kwa sababu ya mwisho wake, kwamba kundi lilibaki na madume wapole na upole ukaendelea hata kwa waliokuja baadaye. Mimi nashangaa tunavyoruka mwanzo wake. Nyama yenye TB ilikuwa jikoni kwa watu kabla haijafika kwa nyani! Nyani alikuwa kengele tu.

Kwa hivyo ukipima damu ya nyani anayekula mabaki yetu, unapima pia jiko letu, maji yetu, na jalala letu. Anakula tunachokula, anakunywa mto tunaokunywa, na mwili wake unafanya kazi karibu kama wetu. Tofauti ni kwamba Amboseli ilitupatia kitu ambacho hakuna kamati ya maadili ingekubali kwa watu: jamaa wa karibu, wengine wamepewa chakula cha bure na uvivu, wengine wameachwa watembee, halafu damu za wote zikalinganishwa.

Sisemi tukimbie porini na bunduki za sindano. Kumlaza nyani ni hatari. Anaweza kuanguka kutoka kwa mti, anaweza kuzimia karibu na maji, wenzake wanaweza kumgeuka akiamka analewalewa. Ndiyo maana siku hizi kazi nyingi ya homoni inafanywa kwa kinyesi; unangoja amalize, anaondoka zake, wewe unaokota. Ilikuwa kwa njia hiyo watafiti wa Amboseli walichapisha mwaka 2011, baada ya miaka tisa na madume 125, kwamba dume namba moja ana homoni ya msongo juu kuliko namba mbili. Yaani hata mkubwa anateseka! Hiyo inapunguza kidogo ile picha ya Mara ya kwamba wa chini tu ndio wanaumia, na mimi naipenda hivyo. Sayansi ikikubaliana na kila kitu huwa naanza kushuku. Lakini kinyesi hakikuambii figo ikoje, wala albumini, wala ini. Kwa hayo bado unahitaji damu, kidogo, mara chache, na imetolewa vizuri.

Ombi langu ni dogo. Kuna nyakati nyani na tumbili wanalazwa usingizi hata hivyo: wanahamishwa kwa sababu wamemaliza mashamba ya watu, ama wamenaswa kwa waya, ama wamegongwa na gari wakaokolewa. Mnyama tayari amelala. Hapo chupa moja ya damu ijazwe, kila mara, bila kukosa, na iandikwe ni saa ngapi, alikuwa anakula wapi, alikimbizwa kwa muda gani. Halafu nambari ziwekwe mahali pa wazi ambapo hata mwanafunzi wa hapa Eldoret anaweza kuzisoma bila kulipia jarida la Ulaya kwa dola. Kwa miaka kumi ya kufanya hivyo tungekuwa na rula yetu. Na mbuga isipeleke ripoti ya "idadi imeongezeka" bila kusema hao walioongezeka wanakula nini.

Kuhusu mashimo ya takataka ya hoteli zilizo karibu na wanyama sina maneno mengi. Mfuniko na ua. Si roketi.

Na kuna wale wataniambia haiwezekani, hakuna maabara karibu. Hata damu za wanariadha wetu zilikuwa zinapandishwa ndege kupelekwa nje, mpaka Nairobi ikapata maabara iliyokubaliwa na WADA mwaka 2018. Iliwezekana kwa sababu kuna watu waliona damu ya Mkenya haifai kuharibikia njiani.

Vijana wa maabara, hapa nawaongelesha ninyi. Mnaotafuta atachmenti kila Januari na mnaandika barua kwa hospitali zile zile tano. Andika moja pia kwa taasisi ya Karen, na nyingine kwa Huduma ya Wanyamapori. Uliza kama wanahitaji mtu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri, anayejua kuzungusha damu kwa mashine ya mkono mahali hakuna stima, na anayeweza kuandika lebo inayosomeka kwa baridi. Wakikujibu, nitag. Nataka kujua chupa ya kwanza ilitoka kwa nani.